Kindu: Sakafu ya mbao imekuwa nyeusi? Uliza kwanza weusi umetoka wapi

Sakafu ya mbao si kitu cha kila nyumba katika jimbo la Maniema. Mjini Kindu, na zaidi tena huko Tunda upande wa Kibombo, wakaaji wengi wanatembea juu ya udongo uliopigwa vizuri ao juu ya simenti. Lakini mbao zipo. Utazikuta katika nyumba fulani za zamani, kwenye jukwaa la kanisa, kwenye ghorofa ya mangazini, na katika vyumba vya watu waliojenga karibuni wakasema: tunaishi katikati ya msitu, kwa nini tukanyage simenti?

Miaka inapita, kiisha lalamiko linakuwa lilelile. Mbao iliyowekwa ikiwa ya manjano kama asali, leo imekuwa ya kahawia nzito, na pembeni ya misumari kuna madoa meusi. Chumba kinaonekana kidogo na chenye giza, hata mchana. Na kwenye simu kuna picha za nyumba za Ulaya zenye sakafu nyeupe kama maziwa. Mwenye nyumba anajiuliza: mbao yangu haiwezi kurudishwa nyeupe?

Inaweza, mara nyingi. Kazi hiyo inaitwa kupausha mbao, na katika nchi nyingine kuna mafundi wanaoishi kwayo. Lakini hapa kwetu mkono wa kwanza unakwenda kwenye chupa ya javeli, kwa sababu iko karibu na bei yake ni ndogo. Wa pili unakwenda kwenye soda kostiki ya watengenezaji wa sabuni. Mara nyingi chupa zote mbili si dawa ya ugonjwa ule. Javeli inaacha sakafu vilevile na kuchosha mbao bure. Soda peke yake inaweza kuifanya iwe nyeusi zaidi kuliko mwanzo, na kumpeleka mtoto hospitalini.

Mafundi wazuri wanaanza na swali, chupa inakuja baadaye: weusi huu umetoka wapi?

Weusi wa aina tano

Weusi wa kwanza hauko ndani ya mbao. Uko juu yake. Ni verni ya zamani, nta, mafuta na uchafu wa miguu ya miaka mingi. Verni nyingi za mafuta zinageuka manjano, kiisha kahawia, kadiri zinavyozeeka. Ili kujua, chukua wembe ao kipande cha kioo, kwangua mahali padogo nyuma ya mlango. Ikiwa chini yake mbao ni nyeupe ao ya manjano, basi mbao yako ni nzima. Inahitaji kusuguliwa tu. Dawa ya kupausha haina kazi hapo, kwa sababu haiwezi hata kupita kwenye verni.

Weusi wa pili unaletwa na mwangaza na hewa. Mvule, ambao wauzaji wa kimataifa wanauita iroko, unatoka kwenye msumeno ukiwa wa manjano, na baadaye unakuwa kahawia. Padouk inatoka nyekundu kama damu, kiisha inageuka kuwa kahawia yenye zambarau. Afrormosia nayo inakolea. Jaribio lake ni rahisi: sogeza kabati ao inua mkeka uliokaa mahali pamoja kwa mwaka. Ikiwa chini yake mbao ni nyeupe kuliko pengine, ni jua na hewa vilivyofanya kazi. Rangi hiyo iko kwenye ngozi ya juu tu. Fundi akisugua kidogo, rangi ya kwanza inarudi. Lakini mwenye nyumba ajue ukweli: itakolea tena polepole, kwa sababu ndivyo mti ulivyo.

Weusi wa tatu unatoka kwa chuma na maji. Miti yetu mingi migumu ina tanini, ile kitu inayofanya ganda la mti liwe chungu mdomoni. Tanini ikikutana na chuma na maji, inafanya wino. Si mfano wa maneno tu: kwa karne nyingi Ulaya iliandika vitabu vyake kwa wino uliotengenezwa hivyo. Ndiyo sababu kuna duara nyeusi pembeni ya kila msumari, na alama ya mviringo pale ndoo ya chuma ilipokaa usiku mmoja na maji chini yake. Afrormosia inajulikana sana kwa madoa ya namna hiyo.

Weusi wa nne ni kuvu. Kindu iko kando ya mto Lualaba, mvua ni nyingi na hewa ina unyevu. Nyumba ambayo mbao zake ziko karibu na udongo, bila hewa kupita chini, inapata vitone vyeusi na harufu ya kuoza. Bonyeza ncha ya kisu. Ikizama kama ndani ya muhogo uliochemshwa, mbao hiyo imekwisha na hakuna dawa ya rangi itakayoifufua. Kwanza zuia maji, fungua njia ya hewa, ondoa vipande vilivyooza. Rangi ni jambo la mwisho.

Weusi wa tano ni rangi ya mti wenyewe. Wenge inazaliwa na weusi wake. Libuyu, ambayo wengine wanaijua kwa jina la sapelli, inazaliwa nyekundu. Hakuna aliyeichafua. Anayetaka libuyu iwe nyeupe anataka kubadilisha rangi ya asili ya mti. Ni hapa tu, katika aina hii ya tano, dawa kali ya kupausha ina kazi yake ya kweli.

Dawa tatu, kazi tatu

Javeli ilipata jina lake kutoka Javel, mahali palipokuwa kando ya mji wa Paris, ambapo dawa hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kufuatana na kazi ya mwanakemia Berthollet. Iliundwa kwa ajili ya vitambaa. Kwenye mbao inaweza kuondoa rangi iliyopakwa na wino fulani, na kusafisha kuvu iliyo juu juu. Rangi ya asili ya mti haiigusi sana. Ukiona mtu anarudia javeli mara tano juu ya sakafu ya libuyu, ujue anapoteza pesa, na kila mara anailowesha mbao kwa maji yatakayoifanya ipinde.

Asidi oksaliki ni dawa ya madoa ya chuma. Inauzwa kama unga ao punje nyeupe, inayeyushwa katika maji ya moto, kiasi cha gramu 100 kwa litre moja, na kupakwa kwenye sehemu nzima, si kwenye doa peke yake, ili pasibaki duara. Inakamata chuma na kuondoa ule wino. Asidi hiyo inapatikana kwa kiasi kidogo hata ndani ya lenga-lenga tunazokula, lakini unga wa dukani ni sumu: ukimezwa unaharibu figo, na vumbi lake linachoma pua na koo. Baada ya kazi, lazima mbao ioshwe na maji, kiisha na maji yenye bikarbonati, kiisha maji tena. Fundi asiyeosha vizuri anaacha punje ndogo ndani ya mbao, na siku ya kusugua zinaruka hewani na kuingia kifuani mwake.

Dawa ya tatu ndiyo ile ya mafundi wakubwa. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maji ya soda kostiki. Inapakwa, inafungua nyuzi za mbao, na mara nyingi mbao inakolea mbele ya macho. Dakika chache baadaye inapakwa ya pili, maji ya oksijeni makali. Hizo mbili zikikutana zinatoa povu, oksijeni inafanya kazi, na baada ya saa kadhaa mbao imepauka. Kazi hii inabadilisha rangi ya mti wenyewe.

Wengi wanakosea hapa. Maji ya oksijeni ya farmasia, yale ya kuosha vidonda, yana asilimia 3 hivi; kwenye chupa wanaandika volume 10. Ya kazi ya mbao yanafika asilimia 30 ao 35. Ni mara kumi zaidi. Yale ya farmasia hayatoshi kwa sakafu, na yale makali yanaunguza ngozi mpaka inakuwa nyeupe kwa sekunde chache. Kwa hiyo anayejaribu kuiga kwa soda ya sabuni na chupa ya farmasia anapata nusu ya kazi, na ni ile nusu mbaya: soda imekwisha kufanya mbao yenye tanini iwe nyeusi, na hakuna nguvu ya kuirudisha.

Ni kweli kwamba huko Denmark na nchi za jirani yake watu wanaosha sakafu kwa maji ya soda na sabuni tangu zamani, na sakafu zao zinabaki nyeupe. Lakini mbao zao za desturi ni za misonobari, zenye tanini kidogo. Anayefuata kanuni hiyo juu ya afrormosia atajuta siku hiyohiyo. Kivu, ambako kuna mbao za kupandwa kama sipresi, mtu anaweza kujaribu juu ya kipande kidogo. Kwa miti migumu ya msitu wa Maniema, hapana.

Fundi anafanyaje

Fundi anayejua kazi haanzi na chumba kizima. Anaomba kipande cha mbao ileile, ao anachagua mahali chini ya kabati, na kujaribu hapo. Anaacha ikauke kabisa, kwa sababu mbao yenye maji inadanganya: inaonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa. Kiisha anamwita mwenye nyumba na kumwonyesha: rangi itakuwa hii. Unaitaka?

Akikubaliwa, anaondoa verni yote kwa mashine ya kusugulia ao kwa mkono. Anafagia vumbi mpaka mwisho. Anafungua madirisha, anaondoa watoto, wazee na wanyama ndani ya nyumba. Anavaa miwani inayofunga pembeni, glavu ndefu za mpira, buti na nguo zinazofunika mikono. Anatumia ndoo ya plastiki na burushi ya nyuzi za plastiki. Chuma kinaharibu maji ya oksijeni na kuacha madoa mapya. Burushi ya manyoya inayeyuka ndani ya soda.

Anapaka kwa kufuata urefu wa mbao, kwa usawa, bila kuacha vidimbwi. Baada ya saa kadhaa, ao usiku mzima, anaosha kwa maji yaliyochanganywa na siki, sehemu moja ya siki kwa mbili za maji, ili kuua nguvu ya soda iliyobaki. Kiisha maji safi. Baada ya hapo anaondoka, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wenye nyumba wengi hawaipendi: kungoja. Ulaya wanasema siku mbili ao tatu. Kwenye hewa yenye unyevu kama ya Kindu, ni busara kuongeza siku, na ni busara zaidi kufanya kazi hii wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Verni ikipakwa juu ya mbao yenye maji itababuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Mbao ikikauka inakuwa na nywele, kwa sababu maji yameinua nyuzi. Fundi anapitisha emeri laini kwa mkono mwepesi. Akisugua sana, anaondoa ule weupe wote alioutafuta, kwa sababu dawa haiingii mbali. Mwishoni anapaka verni ya maji isiyogeuka manjano, ao mafuta yenye rangi nyeupe kidogo. Verni ya kawaida ya mafuta ingerudisha umanjano mwaka uleule.

Kupausha mara moja, pengine mara mbili, kunatosha. Kila mara dawa inadhoofisha nyuzi za juu. Mbao iliyopaushwa mara nyingi inakuwa kama mkate uliokauka: inakatika vipande vidogo chini ya mguu wa kiti.

Mahali ambapo hatari iko

Kuna mambo manne ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua, hata ile isiyo na sakafu ya mbao, kwa sababu dawa hizi ziko sokoni kwa kazi nyingine.

La kwanza: javeli haichanganywi na kitu. Ikikutana na siki, ndimu ao dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, ambayo inaua mapafu. Ikikutana na amonia ao mkojo, inatoa gesi nyingine yenye sumu. Mtu aliyemwaga javeli jana na leo akapaka asidi oksaliki juu yake, bila kuosha katikati, ametengeneza gesi hiyo ndani ya chumba chake mwenyewe.

La pili: soda kostiki haionekani kuwa na ubaya. Ndani ya maji ni kama maji tu. Mtoto mwenye kiu akikuta chupa ya maji ya kunywa iliyowekwa soda, anakunywa, na koo lake linaungua ndani mpaka tumboni. Wale wanaopona wanaweza kubaki na koo lililofungwa, hawawezi kumeza chakula. Usiweke kamwe dawa ndani ya chupa ya maji ao ya sukari. Na ukichanganya, mimina soda ndani ya maji baridi, polepole. Ukimimina maji juu ya soda, inachemka na kuruka usoni.

La tatu: maji ya oksijeni makali hayafungiwi ndani ya chombo kisichopumua, kwa sababu yanatoa gesi na chombo kinapasuka. Vitambaa vilivyolowa dawa hiyo vioshwe kwa maji mengi. Vikiachwa vikiwa na vumbi la mbao, vinaweza kushika moto.

La nne ni vumbi. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya OMS, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Vumbi la mvule, zaidi ya hilo, linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya maseremala. Na ikiwa sakafu ilipakwa rangi ya zamani, rangi hiyo inaweza kuwa na risasi, sumu inayoharibu akili ya watoto. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii vumbi laini. Inatakiwa maski ya kweli, na kusugua kukiwa na unyevu kidogo inapowezekana.

Ajali ikitokea, dawa ya kwanza ni maji safi mengi. Jicho ao ngozi iliyoguswa ioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kupumzika, na nguo zilizolowa zivuliwe. Usipake siki juu ya ngozi iliyoungua na soda, wala mafuta. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, kwa sababu dawa itachoma koo mara ya pili. Asipewe ndimu wala mafuta ya mawese. Apelekwe hospitalini mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili muuguzi ajue anapigana na nini. Tunda ina hospitali ya misheni ya Wamethodisti, lakini kwa anayeishi mbali kijijini, barabara na mvua vinajua kuchelewesha mtu. Ndiyo sababu maji yawe tayari kando ya kazi kabla chupa haijafunguliwa.

Mti wetu, mtindo wao

Kuna jambo la kufikiri kabla ya kuweka pesa. Miaka ishirini hivi iliyopita, wenye nyumba wa Ulaya walikuwa wanalipa bei kubwa kwa ajili ya wenge, mti mweusi wa misitu ya Kongo. Sakafu nyeusi ilikuwa dalili ya utajiri. Leo mtindo umegeuka, wanataka nyeupe. Kesho utageuka tena. Mti hauwezi kufuata kila upepo, na mbao iliyopaushwa hairudi ilivyokuwa.

Mbao hizo zina thamani kuliko tunavyofikiri tunapozikanyaga. Afrormosia, inayokatwa katika misitu ya kaskazini kuelekea Kisangani, iko chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES tangu 1992, kwa sababu ilikatwa kupita kiasi. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, padouk ya Afrika iliongezwa kwenye orodha hiyohiyo. Biashara yake nje ya nchi inahitaji vibali. Mtu mwenye sakafu ya afrormosia nyumbani kwake Kindu ana mali ambayo mtu wa Brussels angeitafuta kwa taabu. Kuiharibu kwa ndoo ya soda ni hasara mara mbili.

Kwa anayejenga sasa, jibu rahisi ni kuchagua mbao nyeupe tangu mwanzo. Limba ni mti wa rangi ya manjano nyepesi. Huko Goma, baada ya lava ya Nyiragongo kufunika sehemu ya mji tarehe 17 Januari 2002, watu wengi walijenga nyumba za mbao juu ya mawe yaleyale, na mbao za kupandwa kama mikaratusi ziliwasaidia sana. Mbao nyepesi zisizo za msitu mkubwa, zikipakwa verni ya maji, zinatoa chumba chenye mwangaza bila dawa yoyote. Na chumba chenye giza mara nyingi kinahitaji ukuta mweupe na dirisha kubwa kuliko kinavyohitaji sakafu nyeupe.

Kwa ndugu walio Ubelgiji, Kanada ao Marekani, ambako sakafu ya mbao ni ya kawaida, kuna onyo moja zaidi. Si kila kinachofanana na mbao ni mbao. Kuna sakafu ambayo juu yake ni karatasi yenye picha ya mbao iliyofunikwa na plastiki. Hiyo haisuguliwi wala haipaushwi. Kuna nyingine yenye ngozi ya mbao ya milimita chache tu juu ya mbao za kubandikwa. Ikisuguliwa sana inaisha. Na kama nyumba ni ya kupanga, sakafu si yako. Usiiguse bila ruhusa ya mwenye nyumba iliyo kwenye maandishi.

Maswali ya kumwuliza fundi

Seremala, ao menizie kama wengi wanavyomwita, akija kukuambia ataifanya sakafu yako iwe nyeupe, usianze na bei. Muulize mti wa sakafu hii unaitwa nani. Muulize weusi umetoka wapi, na akuonyeshe kwa wembe na kisu. Muulize jina la dawa, na uione ndani ya chombo chake cha kwanza chenye karatasi ya maelezo. Muulize atakausha siku ngapi, na ataosha kwa nini. Muombe ajaribu kwenye kipande kidogo kabla ya kupokea pesa ya kazi yote.

Kiisha mjadiliane bei kwa metre mraba. Chumba cha metre 4 kwa 5 ni metre mraba 20. Bei iseme wazi kama ndani yake kuna kusugua, dawa, kuosha, emeri ya mwisho na verni, na vilevile glavu, miwani na maski kwa kila anayefanya kazi. Fundi anayepunguza bei kwa kuondoa miwani anaweka macho ya kijana wake kwenye mizani.

Ukifanya hesabu hiyo vizuri, huenda ukagundua kwamba wembe umeonyesha mbao nzuri ya manjano chini ya verni ya zamani, na kwamba kazi yote ni emeri, ufagio na verni mpya. Pesa ya dawa iliyobaki inunue mabati ya kuzuia mvua inayoingia pembeni, kwa sababu maji ndiyo yanayofanya mbao iwe nyeusi tena.